Mtoto wa Ndege Hapewi Maji

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Kisha mkubwa wetu akasimama na kusema niwaandikie vijana "mambo machache kuhusu kazi". Nimekaa na kalamu wiki nzima. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na mshahara wangu hata mkiuona hamtautamani. Mambo ya ng'ombe na mbuzi mmeyasomea kuliko mimi. Basi nitawaandikia yale ambayo sikufundishwa chuoni, wala hayamo katika fomu yoyote ya ofisi: kulea makinda wa ndege wa nyumbani, njiwa na kasuku wadogo na jamaa zao. Watu wa Kitui na Makueni wameniletea makinda hao ndani ya katoni, ndani ya kofia, na mara moja ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Nuu. Nilifika na cheti kipya na buti zilizonizidi saizi. Watu waliniita Daktari tangu asubuhi ile ya kwanza. Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo tu, lakini ukianza kumsahihisha mtu aliyetembea saa tatu na mbuzi mgonjwa, utamsahihisha mpaka mbuzi afe. Mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Alinionyesha kasha la chanjo, kamba na kitabu cha kumbukumbu, akarudi kuketi. Nikasimama mlangoni nikingoja ng'ombe.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa mama mmoja na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na makinda wawili wa njiwa, uchi, na ngozi yao ya manjano ilikuwa imekunjamana. Paka alikuwa amemla mama yao. Wakati huo nilijua jambo moja tu kuhusu kumnywesha mnyama: inua kichwa, fungua mdomo, mimina. Nilijua na jambo la pili, ambalo kila mtu wa Nuu analijua kabla hajajua kutaja jina lake: aliyefika amechoka hupewa maji kwanza, habari baadaye. Nikachukua kijiko, nikawapa maji. Wa kwanza alikohoa, akafa kiganjani mwangu. Wa pili alisubiri mpaka saa ya chai.

"Si kitu, Daktari," yule mama akaniambia. "Angalau hawajaenda na kiu."

Nilifarijika, na hiyo ndiyo aibu yangu. Bwana Kilonzo aliandika kitabuni: "Njiwa wawili. Wamefariki wakiwa wamekunywa." Nilidhani anatania. Mwaka mzima niliendelea kuwanywesha makinda walioletwa, nao waliendelea kufa, na mimi nikaendelea kusema ni udhaifu wao.

Aliyenitoa gizani ni Bi Zuhura wa Mwingi mjini. Nilikuwa nikienda Mwingi kuchukua barafu ya chanjo, na nyumba yake ilikuwa njiani. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, wakabaki hapo kwa biashara. Uani kwake alifuga njiwa na kasuku wadogo wa kijani, na makinda wake walikuwa wanene mpaka nikaona wivu. Siku moja nilimwuliza anawapa dawa gani. Alikuwa akitengeneza kuku wa mchuzi. Alichukua kichwa cha yule kuku, akakipanua mdomo, akanisogezea.

"Tia kidole, mwanangu. Nyuma ya ulimi. Waona kitundu?"

Nilikiona.

"Hapo ndipo apitishapo pumzi. Mimi na wewe tuna kifuniko cha kuziba hapo tukimeza. Ndege hana. Mama yake humtilia chakula ndani kabisa, na maji yamo humo humo kwenye chakula. Wewe wamwagia maji mdomoni, yaingia wapi? Umemzamisha mtu nchi kavu!"

Nililia pale pale jikoni kwake, nikiwakumbuka mmoja mmoja. Bi Zuhura hakunibembeleza. Alisema nikimaliza kulia nioshe mikono, anionyeshe kijiko.

Kijiko chenyewe ni cha chai, cha kawaida, kilichokunjwa kingo zake mpaka kikafanana na mdomo wa birika. Unakiweka mbele ya kasuku mdogo, naye anatikisa kichwa na kuvuta mwenyewe. Hapo ndipo wengi wenu mtakosea, kwa sababu mna mikono yenye haraka. Usimlishe. Mwache ale. Njiwa ni tofauti kidogo: kinda wa njiwa huingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi, kwa hiyo unakata ncha ya bomba la sindano, unafunga kipande cha puto chenye tundu, naye anaingiza mdomo humo kama yuko kwao. Chakula ni unga wa wimbi uliochekechwa mara mbili, ndengu zilizolowekwa na kusagwa laini, na kiini cha yai la kuchemsha. Maziwa ya ng'ombe msimpe, hata nyanya wa nyumba akisema nini. Uji uwe wa vuguvugu. Ukipoa hatautaka, na ukiwa moto utamuunguza ndani na hutajua mpaka siku ya tatu.

Kisha kuna gole. Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka. Likijaa, acha. Likiisha, lisha. Kinda anayefunguliwa mdomo kila anapolia atajazwa chakula juu ya chakula, cha chini kikichacha, naye atakufa akiwa ameshiba. Mmefundishwa kusoma vipimo kwenye simu, vizuri sana, lakini gole halina programu.

Joto nalo lilinitia matatani. Kinda asiye na manyoya akipoa hasagi chakula. Nuu hapakuwa na umeme wa kuaminika, basi nilichukua kasha moja la chanjo ambalo kifuniko chake kilikuwa kimepasuka na halitumiki tena, nikaweka chupa ya maji moto iliyovalishwa soksi, nikawalaza makinda wanne wa njiwa. Kasha lililotengenezwa kutunza baridi linatunza na joto vilevile, halibagui. Asubuhi moja mkaguzi kutoka makao makuu akalifungua kutafuta chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Makinda wanne wakamfungulia midomo. Bwana Kilonzo, bila kuinua kofia, akasema, "Hiyo ni chanjo hai." Wote wanne waliruka baadaye. Ile ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba naweza.

Miaka ya kituo cha Salama sitaieleza sana, maana Salama ni njia panda na kila kitu hupita. Watu walisimamisha magari kuniachia katoni kisha wakaondoka wakiwa wepesi wa moyo. Nilijifunza mambo mawili hapo. La kwanza, miguu. Kinda akilazwa juu ya gazeti huteleza, miguu ikatanuka pande mbili, na asipotibiwa mapema hatasimama maisha. Nilifunga miguu yao kwa uzi wa sufu, nikiacha nafasi kidogo katikati, vilevile tunavyomfunga ng'ombe mkorofi wakati wa kukamua. Siku tano, miguu imerudi. La pili, ndege wa porini. Kijana aliniletea kinda wa porini aliyeanguka, akisema mama hatamtaka tena kwa sababu ameguswa na mtu. Huo ni uongo tuliorithi. Nilirudi naye mpaka mtini, kijana akapanda, akamweka kinda kiotani, na mama wa ndege akaja tukiwa bado tunafuta vumbi. Wa porini arudishwe, na akishindikana aitwe mtu wa wanyamapori. Nyumbani tunalea waliozaliwa vizimbani tu.

Sasa nifike Kibwezi, kituo changu cha mwisho, kwa sababu habari yake ndiyo niliyotaka kuandika tangu mwanzo.

Mzee Nzioka alikuwa dereva wa lori mpaka presha ya macho ilipomchukua macho yote mawili. Alibaki nyumbani mchana kutwa wakati mkewe, Mama Katunge, akiwa kwenye shamba lao la bamia na biringani karibu na mto. Rafiki yake alimletea jozi ya kasuku wa kishungi, wale wa kijivu wenye mashavu ya rangi ya chungwa, waliozaliwa kizimbani. Mzee aliwafundisha kupiga mbinja nyimbo za kanisani. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa mlangoni. Mama Katunge akija, walipiga mbinja ya kushuka. Jirani akija, ya kupanda. Mgeni akija, walinyamaza ghafla, naye Mzee akajua ashike bakora. Alisema hao ndio macho yake.

Siku moja, baada ya kuwapa mtama, Mzee alipapasa kindoano cha mlango wa kizimba, akadhani amekifunga. Hakikufungika. Paka wa jirani aliwamaliza wote wawili. Katika kisanduku cha kiota walibaki makinda wanne wa wiki tatu hivi.

Mama Katunge alinikuta langoni nilipofika na pikipiki, akaongea nami kwa sauti ya chini.

"Daktari, nikuambie ukweli. Hawa wakienda, huyu mzee pia ataenda. Mtoto wetu Muli wa Mombasa amembembeleza miaka miwili akakae kwake. Sasa Mzee amesema nyumba ikinyamaza, shule zikifungwa Muli akuje na gari amchukue. Na akienda mimi nitabaki na nani? Nitafuata. Na huko Mombasa nitalima nini, Daktari? Balkoni?"

Ndani, Mzee alikuwa ameketi na katoni mapajani. Makinda watatu walikuwa wakilia. Wa nne alikuwa amelala kando, amekwisha kukauka. Nilimwuliza amewapa nini.

"Nimewapatia maji kwanza. Na kidole. Walikuwa wanalia kiu."

Kuna maneno ambayo ukiyasema unamvunja mtu, na usipoyasema unaua ndege watatu. Nilisema.

"Mzee, maji ndiyo yaliyomuua."

Alimpapasa yule wa nne. Kisha akasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, huku kwetu hata adui anapewa maji kwanza."

Nilimwambia kuhusu wale wawili wa Nuu, na kijiko changu, na mwaka mzima wa ujinga wangu. Halafu nilipanda pikipiki, nikaenda hotelini kando ya barabara kuu, nikaomba kichwa cha kuku. Walinipa na kunitazama vibaya. Nilirudi nikaweka kidole cha Mzee nyuma ya ule ulimi, kama Bi Zuhura alivyoniwekea changu. Alipapasa taratibu, akatoa, akarudisha.

"Aiya! Kumbe mlango wa pumzi hauna askari."

"Hauna."

"Na maji atakunywa aje?"

Nilimwekea mkononi kikombe. Nikamfanya apime mwenyewe: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitatu vya maji moto. Akakoroga, akagusa kwa mdomo wa juu, akanusa, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo.

"Sasa hayo si ni maji tu? Ni vile yamevaa nguo."

Basi tatizo likabaki nani wa kuwalisha. Mara nne kwa siku, alfajiri mpaka jioni. Mimi nilikuwa na chanjo ya mbuzi upande wa pili wa wilaya. Mama Katunge alikuwa na bamia ambazo zisipovunwa leo, kesho ni kuni. Nilizunguka na jambo hilo kichwani nikitafuta mtu mwenye macho, mpaka nikajiona mpumbavu. Mtu aliyekuwa nyumbani siku nzima, mwenye subira na vidole safi, alikuwa mbele yangu na katoni mapajani.

Siku ya kwanza uji mwingi ulikwenda kwenye mashati. Siku ya pili nilimkuta amejifunga aproni ya Mama Katunge. Alishika kinda kwa mkono wa kushoto, kidole kidogo chini ya kidevu chake, kijiko kwa mkono wa kulia, na hakumlazimisha kamwe. Aliyelishwa alihamishiwa katoni ya pili ili asilishwe mara mbili. Utaratibu huo aliubuni yeye, nami nimeutumia mpaka nilipostaafu. Nilimfundisha gole kwa ncha ya kidole. Mimi hutazama gole, yeye alilisikia. Baada ya wiki aliniambia, "Likitosha liko kama ndewe ya sikio. Likizidi liko kama pua." Nendeni mkajishike sikio na pua. Chuo kizima hakijasema vizuri zaidi.

Wiki ya pili akanipigia simu katikati ya mchana. "Daktari, huyu mdogo anapumua na maji ndani."

Nilifika nikamtazama yule kinda. Macho maangavu, kishungi wima, hana kasoro. Nilitaka kusema ni hofu ya Mzee. Akamweka sikioni mwangu. Nilisubiri, nikashikilia pumzi yangu mwenyewe, ndipo nikasikia: mtatariko mdogo sana, wa mbali, kila anapovuta hewa.

Dada yake Mzee alikuwa amekuja kumsalimu, na Mzee alipotoka kidogo kwenda msalani, akawahurumia watoto wa watu, akamnywesha maji huyu mdogo. Alikuwa bado ameketi pale, kijiko mkononi. "Kwani nyinyi ni watu gani?" akatuambia. "Ndege ananyimwa maji kwa nyumba ya Mkamba!"

Hakuna dawa ya kukausha mapafu. Nilimpigia simu daktari wa kweli, akaniambia dozi ya kuzuia maambukizi, nikaipima. Mengine yalikuwa joto, utulivu na kumshika kichwa kikielekea chini kidogo. Mzee alimweka kifuani ndani ya shati, akakataa kumpa mtu. Niliogopa sana jioni ile. Nilimwogopea ndege, na niliogopea bamia za Mama Katunge, na zaidi nilimwogopea Mzee, maana sasa angeamini kwamba kila anachokishika kinakufa. Nilirudi kulipopambazuka nikiwa na maneno ya pole mdomoni. Niliyapeleka bure. Mzee alikuwa mlangoni, amejifunga aproni.

"Amekula," akasema. "Na amenichafulia shati yote."

Nawaambia wazi: katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kufurahi namna ile, hata siku tulipomaliza kideri Nuu. Nikiwa peke yangu ningemkosa kinda yule. Macho yangu yalisema yuko salama. Masikio ya kipofu yaliwahi saa chache, na kwa kinda mwenye maji kifuani, hizo saa chache ndizo uhai.

Dada yake hakufukuzwa. Mzee alimketisha, akamfundisha kuhusu mlango usio na askari, na akampa kazi ya kuchekecha unga. Hajakosea tena, ingawa bado analalamika.

Watatu wote waliota manyoya, wakaanza kudonoa mtama wenyewe, wakaruka. Mbinja ya kushuka ilirudi kwa Mama Katunge, na ya kupanda kwa jirani. Kanisani mtu akasimulia. Kibwezi habari haihitaji redio. Mwanamke wa Makindu akaleta njiwa wawili waliokosa mama. Mwalimu mmoja akaleta kasuku wadogo kwenye katoni ya chaki. Nami, nikiwa nimebakiza majuma machache ofisini, niliacha kupeleka makinda nyumbani kwangu. Niliwapeleka kwa Mzee Nzioka, nikaandika kitabuni: "Amepelekwa kwa mtaalamu."

Shule zikafungwa. Nilikuwa pale siku hiyo, nimeleta njiwa mmoja mwenye miguu iliyotanuka, na mbele yangu kwenye benchi la barazani walikuwa wameketi mama wawili na katoni zao. Gari likaingia. Kizimbani kukanyamaza kimya kabisa. Akashuka Muli, kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi, akatusalimu sote kwa heshima. Mama Katunge alitoka nyuma ya nyumba akifuta mikono kwa leso, akasimama. Aliangalia tu mlango.

Muli akachungulia ndani. "Baba, ni mimi. Nilikuja vile tulisema. Gari iko tayari."

Mzee alikuwa na kinda mkono wa kushoto na kijiko mkono wa kulia. Hakuinua kichwa.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo kwa benchi na hao wengine," akasema. "Niko kazini."

Muli akamtazama mama yake. Kisha akasogea, mama wa kwanza akampisha, naye akaketi, akamshikia katoni yake.